Siku Skida Ilipolala Getini mwa Kanisa

Hii habari kwa hapa Barking, mashariki ya London, siwezi kuificha, maana watoto wa kanisani kwetu wananiita Uncle Tractor mpaka leo, na juzi tu nimekutana na dada mmoja dukani akacheka kabla hata ya kunisalimia, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa, niseme ukweli, chumvi haihitajiki). Ni aibu ya kujitakia kabisa, na ilianzia kwenye jambo dogo ambalo kwa wakati ule niliona ni adabu.

Kaka yangu Tito anavuna mbao Mufindi. Si kampuni, ni yeye, shemeji yetu Ayubu na vijana wachache, wananunua misonobari iliyosimama, wanaiangusha, wanapasua, wanauza. Shida yao ni milima. Mti unaangukia bondeni, barabara iko juu, na hapo katikati ni kamba na mabega ya watu, na mwaka juzi gogo lilimponyoka Ayubu likamvunja mguu, na mguu ule haujarudi kuwa mguu wa kufanyia kazi. Tangu hapo Tito hana wimbo mwingine ila skida. (Kwa msioijua: ni mtambo wa kuburuta magogo, una matairi manne ya kimo cha mtu, mbele una sahani ya chuma kama ya tingatinga, nyuma una winchi yenye waya. Unafunga magogo, unayavuta mpaka barabarani, na hakuna mtoto wa mtu anayesimama chini ya gogo.) Mpya hatuiwezi hata tukijiuza ukoo mzima. Zilizotumika ziko Uingereza, na Uingereza nani yuko? Mimi, dereva wa basi, ambaye gogo la mwisho kuligusa ni la kuni za bibi.

Ili ipatikane, Tito aliuza shamba lake la misonobari, lile aliloliotesha mwaka aliooa, miti ikiwa bado haijakomaa. Akanipigia, na siku hiyo hakutania hata kidogo.

"Mdogo wangu, usiniletee picha," alisema. "Iwashe injini ikiwa imepoa. Iendeshe. Vuta waya wa winchi mpaka mwisho. Masikio yako ndiyo masikio yangu huko."

Nikamwambia kaka, ondoa shaka.

Skida nikaipata kwenye tangazo, iko Kent, kwenye nyumba moja kando ya msitu. Nikaenda nimevaa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, vyote vya kuazima kwa jirani anayefanya kazi za ujenzi, ili muuzaji aone amekuja mtu anayejua mambo. Mlango ukafunguliwa na mama wa Kizungu, mtu mzima, amevaa koti linalomzidi na buti za mpira. Nikamuulizia mzee mwenye mtambo. Akaniambia mzee alikuwa mume wake, na alifariki kabla ya Krismasi.

Hapo ndipo malezi yakanishika. Mwenzenu nimelelewa kwamba ukiingia kwenye nyumba yenye msiba, lolote lililokuleta linasubiri nje. Unavua kofia, unakaa, unatoa pole, unauliza ilikuwaje, unasikiliza. Nikavua kofia ngumu. Mama akasema twende nyuma ukaione. Nikamwambia hapana mama, kaa kwanza, pole sana. Akakaa. Baadaye akaweka chai, tukazungumza habari za marehemu, jinsi alivyofanya kazi msituni tangu ujana wake na jinsi alivyokuwa akiondoka kabla hakujapambazuka, kisha akasimama tena, akasema mvua haijaanza, twende sasa. Mimi nikaona huyu mama anajikaza tu kwa ajili ya mgeni, na mimi niende nikapige mateke matairi ya marehemu, nifungue boneti, nianze kunusanusa kana kwamba namshuku mtu aliye kaburini? Nikamwambia asijisumbue, nina imani na kazi ya mikono ya mumewe. Akaniangalia kidogo, akakaa, akanywa chai yake. Mtambo niliuona kupitia dirisha la jikoni, uko bandani, wa manjano, nikaupiga picha kupitia kioo. Hata bei sikuomba ipungue. Nikapewa ufunguo wa kuwashia, nikaaga.

Jioni Tito akaandika kuuliza inaunguruma vipi. Nikamtumia kidole gumba.

Sasa ningeishia hapo ingekuwa aibu ya watu wawili. Lakini mimi nikasema kitu kikubwa namna ile hakiendi kazini bila kuombewa, na bandari ya Tilbury iko mbele tu ya Barking, kwa hiyo lori liishushe skida kanisani kwetu Jumapili, iombewe, na Jumatatu lori lirudi liipeleke bandarini. Mchungaji Bahati, ambaye ni Mkongo wa Bukavu, alifurahi sana, akatangaza wiki mbili mfululizo. Mke wangu Neema aliniuliza swali moja tu, kama nimeshaiendesha. Nikamwambia wanawake kwa wasiwasi hamjambo (na hilo nalo nalilipia mpaka leo).

Kanisa letu ni ghala la kukodi, lenye uwanja wa magari na geti moja. Dereva wa lori alikuwa ameipakia kwa kuivuta na winchi yake, akaishusha hivyohivyo, akaniambia lori lake haliwezi kupita geti lile. Nikamwambia aiache hapohapo getini, nitaisogeza mwenyewe baada ya ibada. Akasema haya, akaondoka, na nyuma ya skida yalibaki magari yote ya waumini.

Ibada ikaisha, watu wakatoka na kwaya mbele. Simu ya Neema ilishikwa juu, kwenye video yuko Tito kwenye uwanja wake wa mbao, vijana wamejipanga nyuma yake, na Ayubu amekaa juu ya gogo na fimbo yake, amevaa shati la kutokea. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Akapaka mafuta matairi mawili, mengine akayanyooshea mkono. Kisha mimi nikapanda, nimevaa suti, juu ya suti kizibao cha kung'aa, juu ya kichwa kofia ngumu, nikawapungia watu mkono (nilipunga, jamani, kama rais), nikazungusha ufunguo.

Haikutokea kitu. Siyo kwamba ilikohoa ikazima, hapana, ilikaa kimya kabisa, hata taa haikuwaka. Nikazungusha tena. Kwaya ikarudia kiitikio, ikarudia tena, halafu ikachoka. Ndugu mmoja anayeendesha matrekta ya mizigo uwanja wa ndege, anayetoka Hayes, upande wa pili wa London, kila Jumapili, akapanda, akabonyeza kila kilichobonyezeka, akashuka akijipangusa mikono. Tukaigusisha na betri ya gari moja lililokuwa nje ya geti, haikusaidia kitu. Hapo ndipo watu wakaanza kuangalia saa. Mchungaji akasogea chini ya ngazi, akaniinulia uso kwa upole.

"Ndugu, hii masini inafunga njia," alisema. "Ba mama wengine wako na kazi saa hii. Watatoka namna gani?"

Wale kina mama wanafanya kazi ya kulea wazee majumbani. Nikawaona wanatoka kwa miguu kuelekea kituo cha basi, wamevaa vitenge vya ibada, mifuko ya sare za kazi mikononi, mmoja anampigia simu bosi wake kuomba radhi. Hakuna aliyenisema. Kuna bibi mahali fulani Dagenham alikaa kitandani akisubiri kuinuliwa siku ile kwa sababu yangu, na hilo linaniuma kuliko kuchekwa.

Kisha sauti ya Tito ikatoka kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Siku ile ulipokwenda, uliiwasha?"

Ningeweza kusingizia mtandao. Lakini nilikuwa bado nimekaa juu pale kila mtu ananiona, wa huku na wa kule.

"Hapana, kaka," nikasema. "Niliiona dirishani."

 Niliona kwenye simu Ayubu anashika fimbo yake, anainuka taratibu kutoka kwenye gogo, anatoka kwenye picha. Mtu aliyeuza shamba lake na mtu aliyevunjika mguu, na mimi niliwapa kidole gumba. Nilitamani ardhi ipasuke, ila nilikuwa juu mno hata ingepasuka.

Neema ndiye aliyesema nimpigie yule mama. Sikutaka. Nilijiambia nitamsumbua Jumapili na msiba wake, na Neema akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Eliya, si adabu hizohizo zilizotufikisha hapa?" Nikapiga. Nikamweleza mama kwa kubabaika, na upande wa pili nikasikia kitambaa kinapapaswa. Akaniambia kuna ufunguo mwingine, mwekundu, wa plastiki, wa kufungulia umeme wa betri, mumewe alikuwa anautoa kila jioni ili wezi wasiondoke na mtambo. Uko mfukoni mwa koti, akasema. Niliuweka siku uliyokuja. Nikaanza kuuliza habari za treni ya kwenda Kent, akanikata, akasema anakuja.

Tulimsubiri. Waliobaki walikula wali wa kanisa wakiwa wamesimama, na mimi nilisogea pembeni nikiwa bado na kofia ngumu, maana hakuna aliyenikumbusha kuivua. Akafika na gari dogo, amevaa koti lilelile na buti zilezile. Akawasalimia watu, akapanda juu ya skida bila kushikwa mkono, akainama nyuma ya kiti, akachomeka kitu, akakaa. Mikono akaiweka juu ya usukani, hakuwasha mara moja. Neema alikuwa ameshampigia Tito tena.

Ikawaka kwa jaribio la kwanza. Watu walishangilia, na Tito akasema kwenye simu, "Waambie wanyamaze kwanza." Wakanyamaza. Alisikiliza muda mrefu. Nyuma yake, pembeni ya picha, ikarudi fimbo ya Ayubu, kisha Ayubu mwenyewe.

"Inapumua vizuri," Tito akasema. "Mwambie mama tunashukuru. Wewe tutaongea."

Mama akaisogeza skida ukutani mwenyewe, geti likawa wazi. Hakuzima. Nikapanda ngazi kumpelekea shukrani za kaka, nikamkuta machozi yanamtoka na hayafuti. Akaniambia kwamba tangu mumewe afariki hakuwahi kuiwasha, alikuwa anaogopa kuisikia akiwa peke yake. Siku niliyokwenda alivaa buti tangu asubuhi, akaweka ufunguo mfukoni, akasema leo nitaiwasha mbele ya mtu. "Lakini kila anayekuja nyumbani ananiambia nikae," alisema.

 Nilisimama pale ngazini hadi alipozima mwenyewe.

Skida sasa iko Mufindi, na Tito tuliongea kweli, sitawasimulia yote. Akiwa na nafasi hunirekodia muungurumo wake ikipandisha magogo mlimani, nami humtumia mama wa Kent, na yeye hajibu kwa maneno, hujibu kwa kidole gumba (nadhani Neema alimsimulia). Kutoa pole sijaacha na sitaacha, nimelelewa hivyo. Lakini nimejiapia jambo moja: mlango wa msiba ukifunguliwa, kabla sijamwambia mtu akae, namtazama kwanza miguuni amevaa nini.