Nilimjibia Baba Mkwe Maswali ya Daktari

Mimi ndiye niliyemuua baba mkwe wangu, na tafadhali usinikatize kabla sijamaliza. Sikumtilia sumu. Nilimjibia tu maswali ya daktari.

Nimeolewa Gesima. Siku hizo ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kupanda chai, na mume wangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Baba yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Presha ikipanda anashika ukuta. Alimeza vidonge vya kutoka hospitali ya Kisii, na mama mkwe ndiye aliyemkumbusha.

Kisha mama mkwe akafa. Woi, mzee alikwisha! Hali, halali, Sabato haendi kanisani, hata ng'ombe wake akawasahau. Watu wa kanisa wakasema kuna daktari Mzungu misheni anayetibu huzuni ya namna hiyo. Mume wangu alinyimwa ruhusa kazini, akaniambia, "Mpeleke wewe. Umesoma, Kiswahili unakijua."

Mzee alijua Ekegusii tu. Daktari alijua Kiswahili. Mimi nikawekwa katikati.

Sasa wewe usiye wa kwetu huenda hujui. Kati ya mke na baba mkwe wake kuna chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Simgusi, sikai karibu naye, na mambo ya mwili wake siyataji kabisa. Na yule daktari, jamani, hakuwa na haya hata kidogo! "Muulize kama anakojoa vizuri. Muulize kama bado ana nguvu za kiume. Muulize anameza dawa gani nyingine, na zinamfanyaje mwilini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee ananitazama, anangoja nimwambie. Nikainamisha kichwa nikasema kwa Ekegusii, "Tata, daktari anauliza kama umekunywa uji asubuhi." Akajibu ndiyo. Nikamgeukia daktari. "Anasema yuko sawa kwa yote."

"Na dawa?"

Dawa nilizijua! Nilikuwa nikiziona kila siku. Lakini nikawaza, nikitaja ya presha, huyu ataanza tena habari za mwili. Nikasema, "Hana dawa yoyote."

Tukapewa vidonge vya huzuni tukarudi. Na vilimsaidia, hapo ndipo panaponiuma. Mzee akaanza kuitisha ugali wa wimbi, akawa anataniana na wajukuu. Vya presha aliendelea kumeza kama kawaida. Mimi huyo nikajisifu moyoni kwamba nimemrudisha mtu duniani. Mjinga mimi!

Asubuhi moja akaanguka katikati ya shamba la chai. Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, sauti hakuna. Tukambeba mpaka misheni ileile, na safari hii mume wangu alikuwapo, na vidonge vya presha mfukoni.

Daktari alipoviona alipiga meza. "Hizi mbili hazikai pamoja! Hii ya huzuni inaizuia ile ya presha isifanye kazi. Kumeza kote huko ni kama hakuwa akiimeza. Niliuliza hapa, nikaambiwa hana dawa!"

Mume wangu akatikisa kichwa. "Ni mzee mwenyewe amekuficha, daktari. Wazee wetu wako hivyo."

Nikanyamaza. Ee Mungu, nilinyamaza! Nilimwachia lawama mtu aliyelala pale, asiyeweza kujitetea.

Mzee akanitazama. Alitaka kujua wamesema nini. Nikamwambia, "Tata, daktari anasema utapona."

Alikufa kabla ya Sabato.

Siku ya mazishi mume wangu alisimama mbele ya watu akanishukuru. Akasema hakuna mke wa mtu aliyemheshimu baba mkwe wake kama mimi. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia. Mpaka leo hajui, na kila akinisifu kwa wageni nakimbilia jikoni nikalie huko.

Ninyi mnaopeleka wazee hospitali, nawasihi! Ukiwekwa kuwa mdomo wa mgonjwa, uliza kila unachoambiwa uulize. Ukishindwa, sema umeshindwa, atafutwe mtu mwingine. Vidonge vyote vilivyomo nyumbani vibebe, uvimwage mezani kwa daktari, hata kama utaona haya ya kufa. Mimi nilimheshimu mzee mpaka nikamzika.