Minazi ya Mtumbwini

Makumbi ya nazi yakiungua hutoa moshi mzito, mtamu kidogo na mchungu kidogo, na ukishaingia kwenye khanga hautoki hata ufue mara ngapi. Juzi jirani yangu aliyawasha uani kwake kufukuza mbu. Mimi nilikuwa nimekaa zangu nachambua mchicha. Harufu iliponifikia, moyo ukanichoma palepale, wivu uleule wa zamani. Msinicheke. Nina wajukuu wenye ndevu, na bado kuna msichana mmoja wa utotoni mwangu, wa ile miaka ya hamsini, ambaye sijamaliza kumwonea wivu. Jina lake Rehema.

Rehema alikuwa binti wa mwenyeji wetu. Sisi ni Wagiriama, tulitoka kusini, ambako mashamba yalikuwa yamechoka na watu wamebanana. Baba alikuwa amesikia kwamba kando ya mto Tana maji yakipanda na kushuka huacha tope jeusi, na mpunga huota bila kubembelezwa. Akauza mbuzi wetu wote, akamchukua mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni, tukapanda lori mpaka kivuko cha Garsen. Kutoka hapo tulishuka na mto kwa mtumbwi hadi kijiji kimoja cha Wapokomo, chini ya kijiji cha Ngao, kuelekea baharini. Njia nzima mama alipakata kapu lenye nazi tatu zilizochipua, kila moja na majani yake mawili matatu yaliyosimama. Godoro hatukuwa nalo, lakini nazi tulikuwa nazo. Baba alisema hawezi kuishi mahali ambapo hana mnazi wake, atajiona yuko safarini tu.

Baba yake Rehema alikuwa mtu mfupi, aliyecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alitupa ukanda wa shamba uliotoka ukingoni mwa mto ukaenda mpaka kwenye nyasi za nyuma, wanakolisha Waorma ng'ombe zao. Siku ile ile akaliona kapu la mama, na uso ukambadilika.

"Baba Dama," alisema, maana mimi ndiye Dama, "panda mpunga. Panda mahindi, panda maboga. Lakini mti, hapana. Mgeni akipanda mti, kesho atasema ardhi yake. Na hii si yangu peke yangu. Ni ya ukoo."

Baba akaitikia kwa adabu. Mama alizimwagia nazi zake maji mle mle kapuni, akaendelea kupika, ila msiniulize ugali wa siku ile ulikuwaje.

Baadaye kidogo, Baba Rehema akaja anaburuta mtumbwi mkuukuu, mmoja wa ile iliyolala kichwa chini nyuma ya nyumba yake. Akauweka ubavuni mwa kibanda chetu. "Weka nazi zako humu," akamwambia baba. "Kuweka mtumbwini si kupanda." Watu waliokuwapo wakacheka sana, na baba naye akacheka. Akaujaza tope, akazipanga nazi zake katikati, akazishindilia. Basi tukawa na minazi inayosafiri. Wapita njia walisimama kuuliza abiria wanashukia wapi.

Mimi sikucheka, kwa sababu Rehema alikuwa na mti wake mwenyewe. Ulikuwa mwembe mbele ya nyumba yao, na kitovu chake kilizikwa pale siku alipozaliwa. Watoto wengine wakitaka kuupanda walimwomba ruhusa, naye aliitoa au aliikataa kwa kuinua kidevu tu. Kitovu changu mimi kilizikwa chini ya mnazi wa babu, kusini, na mnazi wenyewe tulimwachia baba mkubwa. Nilikuwa nalala huku na kitovu changu kiko kule. Nilikuwa namwangalia Rehema ameegemea shina la mwembe wake, amekunja mguu mmoja, na ninawaambia kweli, nilitamani ule mti uliwe na mchwa.

Wala haukuwa mwembe peke yake. Alikuwa na gauni la maua lililotoka misheni. Alijua kupiga kafi. Msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, dungu lake na langu, vile vichanja virefu vya kukaa juu, yalikuwa jirani, na sauti yake ilikuwa kali hivi kwamba ndege wote aliowafukuza walikuja kutua kwenye mpunga wetu. Mimi nikipiga kelele, ndege waliinua vichwa, wakaendelea kula.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Alikuja kila siku kuitazama minazi ya mtumbwini. Aliyapapasa majani, alijipima nayo urefu. Siku moja akasema, "Dama, nipe mmoja. Nitakupa tawi la mwembe wangu."

"Tawi! Mnazi mzima kwa tawi?"

"Tawi kubwa. Lile linaloangalia mto."

"Nataka nusu ya mwembe."

Akanishangaa, kisha akakasirika. "Minazi yenyewe haina hata ardhi," akasema, na kuondoka zake. Lile neno lilinikaa kooni mpaka mavuno.

Mavuno ya mwaka wa pili, mpunga wa baba ulisimama vizuri kuliko wa mtu yeyote upande ule. Shamba lililopakana nasi lilikuwa la Buya, mdogo wake Baba Rehema, na msimu ule viboko walikuwa wamepanda kutoka mtoni wakalala kwenye mpunga wake wakaulaza wote. Viboko hawashitakiwi. Buya akaanza kusema kwamba mgeni ananenepa kwa ardhi ya watu, na kwamba minazi ile imepandwa, mtumbwi au si mtumbwi. Alisema hivyo shambani, akasema kivukoni, akasema nje ya kanisa. Mwishowe akaja kwetu asubuhi moja na wazee wa ukoo na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Wewe unasema hukupanda," akamwambia baba. "Basi sogeza mtumbwi. Usogee kidogo tu, sisi tunakwenda zetu. Usiposogea, umepanda. Tutakata minazi, na nyinyi mtarudi kwenu."

Baba alijaribu kutabasamu. Aliinama, akashika ncha ya mtumbwi kwa mikono miwili, akavuta. Haukusogea. Akapanga miguu vizuri, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukasikia mlio wa kitu kikavu kinachopasuka, na baba akaenda nyuma kwa matako, ncha ya mtumbwi mkononi. Hakuna aliyecheka. Pale ubao ulipomeguka ilionekana mizizi, mingi, myekundu-myekundu, imetoka kwenye tope la mtumbwi ikazama moja kwa moja kwenye ardhi ya ukoo.

Mama alimvuta mdogo wangu karibu yake. Baba alibaki ameketi pale chini anakitazama kile kipande cha ubao.

"Karisa amepanda," akasema Buya taratibu, akimtaja baba kwa jina lake. Wazee wakatazamana.

Hapo ndipo Rehema alipopenya katikati ya watu, na gauni lake la maua. "Minazi hii ni yangu," akasema.

"Yako tangu lini?" Buya akamgeukia.

"Dama alinipa, baba mdogo. Tulibadilishana. Mimi nilimpa tawi la mwembe."

Mwembe anao, gauni analo, sauti anayo, na sasa anasimama mbele ya watu wote anachukua na minazi yangu! Neno "mwongo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Vidole vya mama vikanikamata nyama ya mkono kwa nyuma, vikaiminya na kuizungusha.

Baba Rehema akaja mbele yangu, akachuchumaa. "Dama, mwanangu," akasema, "minazi hii ni ya nani?"

Wote walinitazama. Nikamwangalia Rehema, kidevu kimeinuka vilevile kama siku zote. Kisha nikamwangalia baba pale chini, na suruali yake yenye tope.

"Yake," nikasema.

Mpaka leo sijasema neno lililonigharimu kama lile. Mabega ya Baba Rehema yakaanza kucheza. Akainuka akawaambia wazee, "Basi. Mti wa mtoto wa kwetu umeota kwenye ardhi ya kwetu. Kosa liko wapi? Baba Dama atatutunzia." Mzee mmoja akacheka, mwingine akafuata, na Buya akatema mate pembeni akaenda zake.

Nilipanda dunguni nikalia mpaka nikapata kwikwi. Rehema akaja akasimama chini. "Lile tawi ni lako," akaniambia. "Linaloangalia mto." Nikamjibu silitaki, alitie kwenye moto. Lakini embe zilipoiva nililipanda, na nilimfukuza kila mtoto aliyeligusa.

Tukakaa. Wadogo zangu walizaliwa pale, na mama akazika vitovu vyao chini ya minazi ile, mmoja baada ya mwingine, bila kumwomba mtu ruhusa. Ilipozaa mara ya kwanza, baba alipanda, akaangua dafu, akanipa mimi nimpelekee mwenye minazi. Nilisimama nikamtazama Rehema anakunywa, maji yanamchuruzika kidevuni. Tangu siku ile niliiita minazi ya Rehema, na kila nilipoiita hivyo ulimi ulikuwa mchungu. Mkijiuliza kwa nini moshi wa makumbi unanichoma, ndiyo hiyo sababu.

Baba alipozeeka, aliniambia jambo. Siku ile Baba Rehema alipoleta mtumbwi, baba aliingiza mkono ndani kuusafisha, na mkono ukatokea upande wa pili. Sakafu ilikuwa imeoza, ina tundu la kutosha sahani. Akamtazama mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi naye akamtazama, akasema, "Tope litaziba." Basi hapo hapo baba akajua. Mtu yule hakuweza kuturuhusu kupanda, ndugu zake wangemkalia kooni, kwa hiyo akatupa mtumbwi uliotoboka na kutuachia sisi na mizizi. Nilipomuuliza kama ni yeye au Baba Rehema aliyemfundisha Rehema maneno yale, baba alitikisa kichwa. Alisema waliulizana sana na Baba Rehema, na hakuna aliyemfundisha.

Rehema mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Nilijiambia nitamuuliza, miaka ikaenda, tukaolewa, tukazaa, tukawa tunaonana kwenye harusi na misiba. Mwaka jana nilikwenda kwenye msiba wake. Jua lilikuwa kali na wageni wengi, na binti yake mkubwa akamwita kijana amtume madafu.

"Kaangue kwenye minazi ya Dama," akamwambia.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza minazi ipi. Akaniona sielewi, akanionyesha kwa mkono, kule ubavuni mwa kile kilichokuwa kibanda chetu. "Hiyo, mama. Mama yetu alikuwa anaiita hivyo siku zote. Alisema ina mwenyewe, yeye aliiazima tu."

Nililia sana, na akina mama wa kwaya wakanishika mabega wakinipa pole ya kufiwa na rafiki. Niliipokea pole yao. Sikuwaambia kwamba ndani ya kile kilio, pamoja na huzuni, kulikuwa na wivu mkubwa kuliko wa siku zote. Hata kwenye kutoa nako Rehema alikuwa amenishinda.