Mbegu Zilizokimbizwa Mvua

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi ya kilimo Chake Chake, bibi mmoja wa kijiji cha Wambaa alifungua kitambaa mbele ya bwana shamba. Ndani mlikuwa na mbegu za mkarafuu, kavu kama kokoto.

"Nazipanda, mwanangu, hazioti. Mkarafuu wenyewe aliupanda marehemu mume wangu, na sasa umeanguka."

"Uliziweka vipi, Bi?"

"Nilizianika mkekani, kama karafuu. Wingu likitanda, nazikimbiza ndani."

Bwana shamba aliinamisha kichwa. "Mbegu ya mkarafuu hupandwa mbichi, Bi. Ikikauka, imekufa."

Bibi akafunga kitambaa, akakaza fundo, kana kwamba bado mna cha kupotea.

Sisi Wapemba tumelelewa kuikimbiza karafuu isilowe. Mbegu zile zingeangukia mikononi mwa mvivu, leo zingekuwa miche.