Fundi Halisi Kisiwani Vernara

Ukipita Isiolo mjini ukaona duka lililopakwa rangi, huenda ni Jennifer Akal aliyelipaka, na huenda si mara yake ya kwanza. Mama huyu Mturkana, ambaye majirani humwita Mama Ekiru kwa jina la kifungua mimba wake, ameshika brashi miaka ishirini na sita. Alianza kwa kukoroga rangi kanisani siku padri alipokosa kibarua, akapanda ngazi, na hakushuka tena. Kampuni za simu, za soda na za sabuni zimekuwa zikizigombea kuta za mji huu kama ndege wanavyogombea mtama: mwaka huu mtaa mzima kijani, mwaka ujao nyekundu, halafu manjano, halafu kijani tena. Kuna duka moja karibu na soko la mifugo amelipaka mara kumi na moja. Yeye husema ukuta ule umenenepa kuliko mwenye duka.

Kwa hivyo rangi Isiolo zilikuwako tele. Kilichokosekana, kumbe, ni mtu wa kuziita utalii.

Mtu huyo akapatikana. Bwana Kaberia, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na tano ya kugonga mihuri ofisini, aliunda Kamati ya Kupendezesha Mji na kuchaguliwa mwenyekiti kwa kura zote, yaani yake na ya mkewe. Wahisani fulani wa ng'ambo waliipenda kamati hiyo kwa sababu ilikuwa na barua yenye mhuri. Wakaahidi kuwapeleka wajumbe watatu Vernara, kisiwa kidogo cha wavuvi wa Kiitaliano kwenye bahari ya Mediterania, wajionee jinsi nyumba za rangi mbalimbali zinavyovuta wageni. Kwamba Isiolo haina bahari wala kisiwa, na kwamba samaki wengi hufika huko wakiwa wamekwisha kukaangwa, hilo halikumnyima mtu usingizi. Ziara ni ziara.

Wahisani walitoa sharti moja tu: mmoja wa wajumbe awe fundi halisi wa rangi. Kaberia hakusita, akamleta shemeji yake Mutwiri. Walipomhoji kwa simu ya video, wakamuuliza fundi hufanya mambo gani matatu kabla ya kupaka ukuta. Mutwiri alikuna kidevu.

"Kwanza," akasema, "ni kuomba."

La pili na la tatu hawakumuuliza.

Ndivyo Jennifer alivyopata pasipoti akiwa na miaka hamsini na miwili. Mjumbe wa tatu alikuwa Saadia Kuno, mwalimu wa sekondari na karani wa kamati, aliyewahi kufanya kazi na madaktari Waitaliano akaokota lugha yao. Kazi yake rasmi ilikuwa kutafsiri. Kazi yake halisi, kama alivyogundua mapema, ilikuwa kuzuia yale ambayo hayafai kutafsiriwa.

Kaberia aliwashonea kofia nyeupe zilizoandikwa ISIOLO INANG'AA. Kivuko kilipoiacha bandari na mawimbi kuanza kukitikisa, yake ndiyo iliyopata matumizi ya kwanza. Alitapika humo kwa heshima zote, akiwa ameipa bahari kisogo.

"Pole, Mwenyekiti," Jennifer akamwambia, akimshika bega. "Si ulisema tumekuja kuona bahari? Sasa geuka uione."

"Mama Ekiru," Kaberia akajibu kwa sauti ya mgonjwa, "kuna wakati wa maneno na kuna wakati wa kunyamaza."

Kisha kisiwa kikatokea, na hata Jennifer aliyezoea kucheka kila kitu akausahau utani wake. Nyumba zilikuwa zimepandana mlimani hadi ukingoni mwa maji, pinki, manjano, samawati, rangi ya chungwa lililoiva, rangi ya chungwa lililooza kidogo. Mashua za wavuvi zilikuwa zimefungwa chini yake. Alihesabu rangi kumi na nne, kisha jicho la fundi likaingilia kati: hiyo imepauka, ile imebabuka, pale juu wamepaka bila kukwangua.

Bandarini walipokewa na binti mwenye kibendera aliyekuwa akiongoza watalii wapatao arobaini. Alieleza, na Saadia akatafsiri, kwamba zamani wavuvi walipaka kila nyumba rangi yake ili mtu akiwa mbali baharini aweze kuitambua nyumba yake. Watalii wakasema "aaah" kwa pamoja. Kaberia akaandika haraka haraka katika daftari lake na kupiga mstari chini.

"Muulize," Jennifer akamwambia Saadia, "huyo mvuvi alikuwa anapotea namna gani? Mimi nimeona wazee kule Kipsing. Mtu ana ng'ombe mia mbili, wote kahawia, wamechanganyika na wa jirani mtoni, na anamjua wake kwa mkia tu. Hakuna aliyempaka ng'ombe pinki. Sasa huyu ana nyumba moja, haitembei, na bado haijui?"

Saadia akamgeukia yule binti, akasema kitu kifupi kwa tabasamu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umefurahi sana."

Walizungushwa vichochoroni. Mbele ya mlango mmoja wa samawati palikuwa na foleni ya watu wakisubiri kupiga picha. Ndani ya mlango huohuo alisimama baba mmoja na mfuko wa takataka mkononi, akisubiri foleni iishe apate kutoka kwake. Ilionekana amezoea. Kaberia aliingia foleni.

Jennifer yeye alibaki nyuma, kwenye nyumba ya pinki ya jirani. Aliuweka mkono ukutani. Ulipotoka, kiganja kilikuwa na unga laini kama wa chaki. Akatoa ufunguo wa nyumba yake ya Isiolo, akakwangua kidogo pembeni, chini, mahali ambapo fundi mwenye adabu hukwangua. Pinki, tena pinki, tena pinki, halafu manjano kidogo, halafu kijivu.

Dirisha likafunguka juu kwa kishindo na bibi mmoja mwenye mvi akaanza kufoka.

"Nilijua!" Kaberia akaruka kutoka kwenye foleni. "Umeharibu mali ya watu! Tutashtakiwa! Saadia, mwambie hatumjui huyu mama."

Lakini Saadia alikuwa akisikiliza, na uso wake ulikuwa ukibadilika polepole. Bibi aliitwa Assunta. Alifoka, kumbe, kwa kudhani Jennifer ametumwa na halmashauri ya kisiwa. Halmashauri ilikuwa imemwandikia barua mbili: nyumba yake imepauka, aipake upya kabla ya sikukuu, na iwe pinki ileile ya kwenye kadi za posta. Fundi wa ng'ambo ya maji alikuwa akiahidi kuja tangu Pasaka. Na zaidi ya yote, yeye pinki haipendi.

"Baba yake aliipaka kijivu," Saadia akatafsiri. "Rangi iliyobaki ya kupaka mashua, haikununuliwa. Siku hizo kila mtu alipaka alichobakiza. Anasema hayo ya kutambua nyumba kutoka baharini ameanza kuyasikia kwa watu wenye vibendera."

Kaberia alilitazama daftari lake, akayatazama yale maelezo aliyoyapigia mstari, akalifunga.

Jennifer akauliza chokaa iko wapi.

"Hatukuja hapa kufanya kibarua!" Kaberia akasema. "Sisi ni ujumbe!"

"Wewe ni ujumbe, Mwenyekiti. Mimi nimeandikwa fundi halisi. Sasa wakiniuliza nilifanya nini huku, niseme nilipanga foleni ya mlango?"

Basi kwa siku mbili kati ya tatu za ziara, Kaberia alitembezwa peke yake kwenye makumbusho ya nyavu, duka la nyavu na mkahawa uliopambwa kwa nyavu, na Jennifer akawa juu ya ngazi ya Assunta. Bibi alikaa chini kwenye kiti cha kamba akimwelekeza kwa mkongojo. Hawakuwa na lugha moja, ila kazi ya ukuta haihitaji methali. Assunta alimwonyesha kuumwagia ukuta maji kwanza hadi unywe ushibe, kisha kuchanganya chokaa na unga wa rangi, kijivu kama ya baba yake, na chumvi kiasi, na kupaka nyepesi kama maji ya wali, mara tano, si mara moja nzito. Mara ya kwanza Jennifer alidhani anadanganywa, kwani ukuta ulionekana mchafu kuliko ulivyokuwa. Alipopaka mara ya tatu, rangi ilianza kutokea ndani ya ukuta wenyewe. Alishuka ngazi akasimama akiitazama, mikono kiunoni, na kuona haya kidogo kwa yale maduka yote aliyoyavisha rangi za plastiki.

Watalii nao walipata cha kutazama. Simu zilielekezwa ngazini kutoka kila upande. Mwanamume mmoja mwenye kaptula alimuuliza Saadia kwa Kiingereza kama mama huyu ni mwenyeji wa kisiwa.

"Ndiyo," Saadia akamjibu. "Familia yake iko hapa tangu Jumanne."

Mchana Assunta alipika samaki wadogo wakiwa na vichwa na macho yao. Nyanya yake Jennifer alikuwa akisema samaki ni chakula cha mtu aliyeibiwa mbuzi wote, lakini nyanya hakuwapo. Akala, akanyonya mifupa, akaongezwa. Assunta alimwonyesha picha ukutani: watoto watatu, wote wako Ujerumani, mmoja anauza vigae. Jioni kivuko cha mwisho kilipoondoka na watalii, Jennifer alichungulia dirishani akaona mtaa mzima wa rangi, na watu wanne. Yule baba wa mlango wa samawati alikuwa hatimaye anatupa takataka. Moyo ulimwuma asijue kwa nini. Akamshika bibi mkono, wakakaa hivyo hivyo mpaka Saadia akaja kumwita.

Walirudi. Kaberia akaandika ripoti ya kurasa arobaini, ambamo Jennifer alitajwa mara moja, kama "mjumbe mwingine". Miezi mitatu baadaye mradi ukafika: maduka saba katika mtaa mmoja, rangi saba, rangi za mafuta zinazong'aa. Jennifer alipewa kazi. Alijaribu kusema habari za chokaa na udongo.

"Udongo?" Kaberia akashangaa. "Mama Ekiru, udongo si ndio tunaoukimbia?"

Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, kwaya na maji ya chupa ya meza kuu. Kaberia akahutubia. Alisema rangi hizi zitamwezesha kila mfanyabiashara kulitambua duka lake hata akiwa mbali.

Abdinajib, mwenye duka la nguo mwishoni mwa mtaa, akanyanyua mkono. "Mwenyekiti, samahani. Miaka ishirini nimekuwa nikifungua duka la nani?"

Watu walicheka hadi kwaya ikaombwa kuimba. Abdinajib hakucheka. Jioni ile alimfuata Jennifer akamwambia duka lake yeye alipake anavyojua, zambarau ya kamati wampe mwingine. Jennifer akaleta chokaa na chumvi kama alivyofundishwa na Assunta, akaleta udongo mwekundu kutoka upande wa Oldonyiro, akaumwagia ukuta maji saa nzima huku wapita njia wakimuuliza kama duka linaungua.

Upepo wa Agosti ukaja na vumbi lake. Vumbi halikusoma ripoti. Katika wiki tatu maduka sita yalikuwa na rangi moja, ile ya miaka yote, na mvua za Novemba zilipofika rangi ya mafuta ikavimba na kubanduka vipande vipande kama maganda ya kiazi. Duka la Abdinajib lilibaki na wekundu wake, maana vumbi likitua juu ya udongo ni ndugu wamekutana.

Msidhani Jennifer alishinda hivyo tu. Kulikuwa na ile chumvi. Mbuzi wa soko waliigundua kabla ya mtu yeyote, na asubuhi moja Abdinajib alikuta ukuta umelambwa wote hadi kimo cha beberu mrefu zaidi.

"Mama Ekiru!" akapiga simu. "Njoo uone! Duka langu linaliwa!"

Alikuja, akaangalia, akacheka mpaka akaketi chini vumbini. Kisha akapaka upya sehemu ya chini bila chumvi, akaweka maziwa yaliyotolewa mafuta badala yake, na ikashika. Hilo halikutoka Vernara. Alilitoa kichwani mwake, akiwafukuza mbuzi kwa brashi. Watu wakaiita rangi ya mbuzi, na kwa jina hilo ikaanza kuagizwa.

Kamati haikufa. Ilikutana ikaona kwamba tatizo halikuwa rangi, bali vumbi, na kwamba ipo haja ya haraka ya kwenda kujifunza namna ya kudhibiti vumbi. Nchi iliyopendekezwa ina theluji miezi saba kwa mwaka. Mutwiri ametajwa kuwa mtaalamu.

Jennifer hakuombwa kwenda, na wiki hiyo asingepata nafasi. Alikuwa Kipsing, akipaka darasa la chekechea. Watoto walikuwa wamegawanyika pande mbili, nusu wanataka nyekundu na nusu wanataka nyeupe, na mwalimu wao, Bwana Lomuria, alikuwa amesimama katikati akiwaomba waketi. Jennifer aliwasikiliza wote, akaenda kuchota maji, akaanza kuunywesha ukuta.