Mkoba Hufunguliwa Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya mitihani, Msajili alinikabidhi funguo mbili akasema, "Mzee Kibwana, hapa usimwamini mtu. Hata mimi." Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimeacha ukarani kwenye chuo cha serikali nikaja chuo hiki kipya cha taasisi ya dini, kwa kuwa nilitaka kazi yangu iwe ibada. Mke wangu, kule nyumbani Mafiga, aliniona nimechanganyikiwa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vyuo binafsi vilianza kufunguliwa, na mjini Morogoro maduka ya fotokopi yakaota kila kona. Maduka yale niliyachukia. Ninyi wa kompyuta hamjui: mtihani wetu ulipigwa chapa kwenye stensili, karatasi yenye nta, kisha ukazungushwa kwenye mashine ya durufu. Stensili iliyokwisha kazi niliichoma mwenyewe na kusimama hapo mpaka majivu yapoe. Nikaweka na sheria: hatoki mtu ofisini kwangu bila kufungua mkoba, awe mhadhiri, awe mfagizi. Mtihani ni amana, nami nitaulizwa mbele ya Mungu. Ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli, kushuku watu kulishaanza kuninogea.

Mwaka mmoja mhadhiri wa historia ya elimu aliniletea karatasi ya mwanafunzi aitwaye Zaina, binti wa wakulima wa kabichi wa Mgeta.

"Huyu kanakili mwongozo wangu neno kwa neno," alisema.

Mwongozo wa kusahihishia, yaani majibu ya mhadhiri mwenyewe, ulikaa kwenye kabati langu la chuma. Kama umevuja, umevuja kwangu. Nikapeleleza, nikasikia kaka yake Zaina ana duka la fotokopi karibu na sokoni. Basi, kwangu kesi iliishia hapo. Nilikwenda dukani kwake nikamhoji mbele ya wateja.

Kikao kiliitishwa na Mkuu wa Taaluma, mama wa maneno machache. Zaina akionekana na hatia, angefukuzwa siku ileile. Mimi sikumwita mtuhumiwa. Nilimwita mwizi.

"Shikamooni wazee wangu," Zaina alisema. "Mimi nimehifadhi tu."

"Umehifadhi nini?" Mkuu akauliza.

"Daftari zote. Kwa maalimu wetu wa madrasa kule Mgeta tulisoma hivyo. Ukidondosha neno, unarudia ukurasa."

"Kwa maneno hajambo," nikasema, nikacheka.

Mkuu hakucheka. Aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti, taratibu. Kwenye jibu la tatu akasita, akarudia: "'Sababu ya nne ni uhaba wa walimu, na hii tutaimalizia Jumanne.'" Akamgeukia mhadhiri. "Hii Jumanne imo kwenye mwongozo wako?"

Mhadhiri alikuna kichwa. "Haimo, mama. Hayo nilisema darasani, nilipokuwa nawasomea maelezo yaleyale ya mwongozo waandike."

Karatasi ile nilikuwa nimeisoma mara tatu. Na mimi ni mtoto wa Mlali, nimekaa kwenye mkeka wa maalimu, nimechapwa kwa kudondosha herufi moja. Katika chumba kile mimi ndiye niliyepaswa kumtambua mapema kuliko wote. Sikumtambua kwa sababu nilikuwa natafuta mwizi. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Nilimfuata nje. "Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Lakini kaka yangu ulishamsema mbele ya wateja wake. Hao nani atawaambia?"

Nilirudi dukani nikawaambia niliowakuta. Wale wa siku ile hawakuwapo.

Miaka ikaenda. Zaina alihitimu, akaajiriwa chuoni, na nilipostaafu yeye ndiye aliyekabidhiwa ofisi yangu. Tulihakiki makabati na kutia saini, nikampa funguo mbili. Nilitaka kumwambia yale ya Msajili, nikaacha. Nikachukua mkoba wangu, nikaaga. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Samahani, mzee. Mkoba."

Nikamtazama. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Nikaufungua: msala, miwani, na chupa ya chai. Alitazama kila kitu bila haraka, akainua msala, akatazama chini yake, akaurudisha ulivyokuwa.

"Ahsante, mzee. Nenda salama."

Najiuliza mpaka leo kama ile ilikuwa sheria yangu au lilikuwa deni la kaka yake. Nikikutana naye msikitini ananiamkia vizuri, naitikia. Kumuuliza, naogopa.