Mkwe Aliyenilainisha Vidole

Mtu akikushika mkono hujamwita, mwangalie usoni kwanza. Mimi ndivyo nilivyo, na uzeeni sibadiliki. Kwa hiyo mke wa mwanangu aliponiletea beseni la maji ya moto, akachuchumaa mbele yangu na kusema, "Mama, nipe mikono," sikumpa.

"Ya nini?"

"Imepasuka, mama. Nimeiona."

"Umeionaje? Nani kakutuma kuangalia mikono yangu?"

Akasogeza beseni karibu. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Hata akitembea ndani ya nyumba humsikii, unashtukia tu yuko nyuma yako na kikombe cha chai. Nilimpa jina la Nyatanyata, na hakukasirika, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi. Mtu gani anapewa jina la kumuudhi halafu anaitika?

Lazima nieleze habari ya vidole, maana bila hivyo hutanielewa.

Mimi ni mshonaji wa mkono. Cherehani ni ya fundi, mwenye duka. Yeye hushona mishono mirefu, anakanyaga na kuimba, kisha nguo inakuja kwangu kwenye kiti cha dirishani niimalizie: pindo, bitana, matundu ya vifungo, kola za makoti. Ikiondoka mapajani mwangu ndipo imekuwa nguo. Kabla ya hapo ni vitambaa vilivyoshikana tu.

Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu aliyenilea. Alikuwa mwanamke mkali, na subana hakutaka hata kuiona. Subana ni kile kikofia cha bati wanachovaa watu kidoleni ili sindano isiwachome. Shangazi alisema kidole kikivishwa bati kinakuwa kipofu, hakijui kimegusa sufu au pamba. Akawa ananitia vidole kwenye bakuli la maji ya chumvi, vikiwa vimetobolewa hivyo hivyo. Nikilia ananiambia, "Lia, lakini usivitoe." Taratibu ncha za vidole zikaacha kuuma, ngozi ikawa ngumu kama kwato. Hiyo ndiyo sugu. Kidole changu cha kati cha kulia, hiki kinachosukuma sindano, kilikuwa na sugu ya kugongea mlango. Fundi akaniita Msumari kwa ajili yake. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikimkuna mgongo sihitaji kucha.

Sasa ukaja upepo mkavu, ule unaokausha mpaka midomo. Ngozi ikapasuka pembeni mwa sugu. Uzi ukipita unaingia kwenye ule ufa kama wembe. Nilikuwa nachukua nta ya nyuki, ile tunayopitishia uzi usichanikechanike, nauziba ufa nayo, nashona. Sikumwambia mtu. Ya nini kumwambia mtu?

Siku moja tone la damu likaingia kwenye bitana nyeupe. Dogo, kama kichwa cha pini. Nikalitoa kwa mate yangu, maana kila mshonaji anajua mate yako ndiyo yanayotoa damu yako. Lakini fundi ana macho ya mwewe. Akaona pale palipolowa.

"Msumari, umeanza kuvuja?"

"Mimi si paa."

Akacheka. Halafu akasema kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa kuliko makelele, "Vidole vikichoka useme, mama. Mkweo si yupo? Atashika sindano, wewe utakuwa unatoa nyuzi za bandi."

Bandi ni ile mishono mikubwa ya kushikiza kitambaa kwa muda. Nguo ikiisha inachomolewa. Anayechomoa nyuzi za bandi ni mtu aliyepewa kitu cha kufanya ili asilale kitini. Nilielewa kilichokuwa kinapimwa pale: kazi yangu, na kiti changu, na jina langu la Msumari, vyote pamoja.

Na mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale na pasi mkononi, anasikia. Alikuwa hana muda mrefu dukani. Mwanangu alimwombea kazi baada ya kumwoa, akawekwa kwenye pasi na kufunga vifurushi. Jioni ile ile ndiyo akaniletea beseni.

Unaona sasa? Jumlisha mwenyewe.

Nilimsimulia jirani yangu, tunayepakana ukuta. Akapiga makofi. "Wa kwangu hata sahani hanisogezei! Wako anataka kukukanda vidole? Shoga yangu, huyo anapima kiti chako."

"Ndivyo ninavyosema mimi."

"Na wewe umempa?"

"Sijampa."

Lakini nilimpa. Uchungu ulizidi. Kesho yake nilishindwa kufunga kitufe cha gauni langu mwenyewe, mimi niliyefungia vifungo nusu ya mji huu. Alipokuja na beseni na kichupa cha mafuta nikamwambia, "Hayo mafuta jipake wewe kwanza." Akajipaka. Nikasubiri nione kama atavimba. Hakuvimba. Nikanusa kichupa, nikatia maji ya beseni ulimini. Maji tu. Nikaingiza mikono.

Uongo sitasema, ilikuwa raha. Maji yalipenya mpaka kwenye mifupa. Akakausha vidole kwa taulo, kimoja kimoja, kama mtu anayepangusa glasi. Akapaka mafuta, akakanda. Kisha akatoa jiwe, lile la kusugulia visigino, akawa anapitisha kwenye ncha taratibu, hata siumii. Nilifumba jicho moja. La pili nililiacha wazi limwangalie.

Ikawa kila jioni. Nyufa zikafunga. Sikumshukuru. Nilimwambia maji yake ni ya vuguvugu mno, akayaongeza moto. Nikamwambia ni ya moto mno, akayapoza. Hakunung'unika hata kidogo, na mimi nikawa najiuliza, huyu anavumilia yote haya kwa faida gani?

Jibu nililipata dukani, au nilidhani nimelipata.

Fundi aliniwekea koti mapajani. Koti la sufu nzito, kola bado haijashonewa. "Hili mteja analifuata kesho mchana, anasafiri nalo. Kola hii cherehani itaiua, Msumari. Ni wewe." Halafu akasita. "Utaweza?"

Nikatunga uzi, nikapitisha nta, nikachoma, nikasukuma kwa kidole changu cha kati kama nilivyosukuma maisha yangu yote.

Sindano haikuingia kwenye koti. Iliingia kwangu. Kitako cha sindano, kile chenye tundu, kilizama kidoleni kama kwenye ndizi mbivu.

Nikainua kidole kwenye mwanga. Kilikuwa laini, kimekolea wekundu, kinang'aa kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sugu hakuna. Nikatazama cha pili. Hakuna. Kazi ya shangazi yangu, chumvi yote ile, machozi yote yale, mtu ameifuta kwa jiwe la visigino.

Nilisimama na koti mkononi. "Wewe Nyatanyata! Umeniibia ngozi yangu!"

Cherehani ikanyamaza. "Ngozi gani tena?" fundi akauliza.

"Muulize yeye! Kanikanda, kanibembeleza, kumbe ananinyoa!"

Mkwe wangu akaweka pasi chini. "Mama, ile ilikuwa imekufa. Nilitoa iliyokufa tu."

"Ndiyo niliyokuwa naitumia!"

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alipomaliza akapangusa macho na kunyoosha mkono. "Basi, mama, lete koti. Nitamwonyesha mkweo namna ya kuishika hiyo kola. Wewe pumzika."

Neno hilo, pumzika. Nikalikumbatia koti. "Koti hili linakwenda nyumbani na mimi. Kesho asubuhi utalipata. Ukilikosa, nipe nyuzi za bandi."

Nilitoka bila kumwangalia mtu. Nyumbani nikafunga kidole kwa kitambaa, kikateleza. Nikabandika plasta, sindano ikapita plasta ikanifuata humo humo. Nikamtuma mwanangu kwa jirani kuazima subana, mimi, niliyeicheka subana tangu utoto. Nikaivaa. Shangazi alikuwa mkweli: kidole kilikuwa kipofu. Sikujua sindano iko wapi, ikateleza pembeni ya bati, na bati lenyewe likadondoka likaviringika chini ya kabati. Mkwe wangu alipitisha kichwa mlangoni. Nikamtazama kwa jicho moja tu, akarudi alikotoka. Nililala sehemu kubwa ya kola ikiwa wazi.

Asubuhi niliamshwa na kelele za mwanangu.

"Nani kakata kiatu changu? Jamani! Nani kakata ulimi wa kiatu changu cha kazini?"

Mkewe akatoka jikoni, hana haraka, nikadhani atanipita, akasimama mbele yangu. Mkononi ana kitu cheusi. Kifuko cha ngozi, kidogo, cha kuingia kidole kimoja, kimeshonwa kwa mkono.

"Mama, jaribu hiki."

Nilikichukua. Nikakigeuza ndani nje nikitafuta pini. Nikakinusa. Kilinuka mguu wa mwanangu. Nikatazama mishono. Sijawahi kuona mishono mibaya kama ile, na nimeona ya walevi. Nikawaza labda kashona vibaya makusudi ili nimwonee huruma. Lakini anayeharibu makusudi huharibu mahali fulani. Huyu alikuwa ameharibu pande zote.

"Kwa nini uliniondolea sugu?" nikamuuliza. "Sema kweli, na usininyamazie."

Akasema. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile. "Sisi kwetu ni kufua, mama. Mama yangu alifulia watu, na mimi nikafulia watu. Mkono wa kufua ukiwa mgumu ndio unaopasuka, sabuni ikiingia kwenye ufa unaweza kupiga kelele. Kwa hiyo ngozi ngumu tunaisugua iishe, tunapaka mafuta, mkono unapona. Mama yangu nilimfanyia hivyo mpaka anafariki. Nilipoona mikono yako nikafanya ninachokijua. Sikujua kwamba kwenu ule ugumu ndiyo kazi yenyewe."

"Na kiti changu?"

"Kiti gani?"

"Cha dirishani. Usijifanye."

Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimetobolewa kama chujio. "Mama, kwa kashughuli haka kadogo tu nimekuwa hivi. Wakinipa hicho kiti nitakimbia mji."

Mwanangu alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na kiatu mkononi. "Mama, mwambie basi! Nitavaa nini?"

Hapo ndipo nilipolainika kidogo, si kwa maneno ya mkewe. Maneno kila mtu anayo. Ila mwanamke anayemkata mumewe ulimi wa kiatu bila kumwomba, kwa ajili ya kidole cha mama mkwe, huyo akiwa na hila basi ni hila nisiyoijua mimi.

"Kiatu kina kamba," nikamwambia mwanangu. "Kaza kamba, uende kazini."

Nikakivaa kile kifuko. Ngozi ilikuwa imezeeka, imelainika, ila haikupitisha. Nikasukuma sindano na nikaisikia, nikasikia kabisa mahali ilipo, sufu ni sufu na bitana ni bitana. Shangazi hakuwahi kusema lolote kuhusu ulimi wa kiatu. Nikashona. Mkwe wangu akanitungia nyuzi na kuzipitisha kwenye nta, nyingine zikajikunja, nikamtupia azirudie. Jua lilipofika kwenye kizingiti kola ilikuwa imelala shingoni kama imeota hapo.

Dukani fundi aliligeuza koti. Akaikunja kola, akaiachia, akapitisha kidole gumba chini yake mshono mzima, akalipeleka kwenye mwanga kutafuta tone la damu. Mkwe wangu alikuwa ameacha pasi, anamtazama fundi, mimi namtazama mkwe, nione atafurahi au atanuna. Alikuwa anauma mdomo kama mtu anayesubiri mgonjwa.

Fundi akaning'iniza koti lile, akachukua lingine, akaniwekea mapajani. Fundi hasifu mtu zaidi ya hapo.

Sasa tunafanya hivi. Ncha za vidole ni mali yangu: zinaingia kwenye maji ya chumvi, zinakaushwa, ufa ukitokea unazibwa kwa nta, kidole cha kati kinavaa ngozi mpaka sugu irudi, na imeanza kurudi. Viganja, na migongo ya mikono, na vifundo, hivyo nampa yeye na mafuta yake, maana vifundo navyo vinauma na yeye mkono wake ni mzuri, nimelisema hilo hapa, mbele yake sijalisema. Mafuta yanaishia kwenye kifundo cha mwisho. Lile jiwe nimelificha, na nalibadilishia mahali.

Kila jioni anachuchumaa na beseni lake. Ananikanda kuanzia kwenye kiwiko, anashuka, anashuka, na akikaribia ncha nafumbua jicho la pili.

"Mama, nimevuka?"

"Bado. Lakini nakuona."