Beji ya Aziza

Msiniambie nilikuwa nimechoka, wala kwamba nilisinzia. Ilikuwa saa nane mchana, nilikuwa nimekula nikashiba, na mimi si mtu wa kuota macho wazi. Nitakayowasimulia yalitokea, na mdogo wangu yupo nyumbani kwetu Ruashi. Asiyeamini aje amwone.

Lubumbashi haina bahari, hilo nalijua kama mnavyolijua. Lakini tajiri mwenye hoteli ninayofanyia kazi aliona bahari isipokuja kwetu, basi tutaitengeneza. Nje ya mji, kando ya ziwa, alimwaga malori ya mchanga mweupe, akapanda minazi iliyoletwa ikiwa imeshakua, akajenga na ukumbi wa mikutano wenye zulia jekundu mpaka mlangoni. Wageni wakifika wanasema wako plaji, yaani ufukweni. Ni mzee Kalenga peke yake, mlinzi wa upande wa ziwani, aliyekuwa akitikisa kichwa. Baba yake alivua samaki pale kabla ya hoteli.

"Balimwanga muchanga," alikuwa akisema, "lakini habakuomba ruhusa kwa mwenye mayi."

Tulikuwa tunamcheka, eti maji yana mwenyewe. Aliyesoma na asiyesoma, wote tulimcheka.

Kazi yangu ni protokoli. Nakaa kwenye meza ya mlangoni, natoa beji, nawasainisha watu listi ya waliohudhuria. Bila kujisifu, kazi hiyo hakuna anayenishinda. Ila sisi wa protokoli tulikuwa na desturi moja mbaya, na nani asiyeijua? Mtu akichelewa, mwenzake anamsainia. Aliyekosa beji anavaa ya asiyekuja, mradi viti vijae na picha zipendeze.

Siku hiyo kulikuwa na kongamano la watu wa migodi. Nilikuwa nimembembeleza mkubwa wangu hadi akamkubali mdogo wangu Aziza awe mmoja wa wasichana wa kupokea wageni. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Beji yake, yenye picha na jina, ilikuwa mezani inamngoja. Mvua ilikuwa kubwa, naye amechelewa. Wageni wote walikuwa ndani wakisikiliza hotuba, nami niko peke yangu mlangoni.

Mara akatokea mwanamke. Hakutoka upande wa magari, alitoka upande wa ziwa. Alivaa kitenge cha bei kali kilichoburuta hadi chini, shanga shingoni, na nywele ndefu zimelowa hadi kiunoni. Alikuwa akizichana taratibu kwa kitana cha rangi ya dhahabu. Nikasema moyoni, huyu ni mke wa mkubwa fulani. Mke wa mkubwa unamrudishaje?

"Maman, jina yako?"

"Haiko pa listi. Unipe tu beji."

Nikaiona ile ya Aziza. "Vaa hii kwanza. Iko ya mudogo yangu, bado hajafika."

"Unanipa?"

"Nakupa."

"Sema tena."

"Nakupa, Maman. Ingia, mvua itakupiga!"

Akaivaa. Akainama, akasaini listi. Kisha hakuingia ukumbini. Alirudi kule kule mvuani, na nyuma yake nikasikia kitu kizito kikiburutwa, mithili ya gunia lililolowa. Nikatazama listi. Aliandika Aziza, na mbele yake jina la baba yetu. Niaminini, kwenye beji jina la baba halikuwepo. Na kitana alikiacha mezani.

Simu ikalia. Mama.

"Aziza anakufa! Alikuwa anavaa viatu, akaanguka, mayi inamutoka mu kinywa! Na bomba yetu tangu jana haitoe hata tone!"

Nilipiga kelele. Mzee Kalenga akaja mbio. Hakunitazama mimi, alitazama kitana.

"Ule njo mamba muntu. Umemupa nini?"

Mamba muntu mnamjua, nusu mwanamke nusu samaki. Wachoraji wa mji huu walimchora na kitana chake, na wazazi wetu wakamtundika sebuleni juu ya kochi. Nilipomweleza mzee habari ya beji alishika kichwa.

"Ukichunga kitana, utatajirika. Lakini mwenye ile jina utamuzika. Umurudishie sasa hivi, mubadilishane."

Sasa nitasema lile ambalo mama hajawahi kulisikia. Nilikishika kile kitana, kilikuwa kizito na cha moto mkononi, na kwa muda wa pumzi moja tu nikaiona nyumba yangu ya ghorofa, geti lake, gari langu ndani. Pumzi moja. Naona aibu hadi leo. Halafu nikavua viatu, nikakimbia.

Hofu sikuwa nayo, nilikuwa na hasira. Alikuwa ndani ya maji, yamemfika kiunoni, beji ya mdogo wangu inaning'inia shingoni mwake. Nikamkaripia kama ninavyowakaripia wageni wakorofi.

"We Maman! Ile beji haikuwa yangu ya kutoa! Kamata kitana yako, unirudishie!"

Akacheka kidogo. "Umekawia. Ulikuwa unawaza nini?"

Nilimrushia kitana, akakidaka. Akaivua beji, akaipitishia kidole gumba mara moja, akaiachia. Maji yakaileta hadi miguuni pangu. Nilipoinua macho, palikuwa na mvua tu.

Simu ikalia tena. Aziza amekaa, anaomba chai. Nililia pale mchangani, bosi ananitazama dirishani, wala sikujali. Ndipo nikaigeuza beji. Picha yake ipo, anatabasamu. Palipokuwa na jina, karatasi nyeupe, kavu.

Jioni nilifika nyumbani nikaita mlangoni: "Aziza!" Hakugeuka. Mama akaita, baba akaita. Nikamgusa bega, akanirukia kwa furaha. Masikio yake mazima, anasikia kila neno la dunia isipokuwa hilo. Baba alimleta imamu, tukasomewa dua, tukampa jina la bibi yetu, Mwamini. Hilo analiitikia. Mzee Kalenga, niliyemweleza yeye tu, aliniambia faraghani kwamba aliyeko majini hakudhulumu, alichukua jina kuwa bei ya ile pumzi moja. Na tangu siku hiyo hakuna kongamano linaloanza kabla hatujamwaga unga mweupe ukingoni mwa ziwa na kuomba ruhusa. Hata tajiri anavua viatu.

Juzi mdogo wangu alikuwa akipanga sanduku la zamani, akakuta vyeti vyake vya shule. Akavisoma kimoja kimoja, kisha akaniuliza mimi mkubwa wake kwa upole:

"Yaya, huyu Aziza njo nani?"

Nikamwambia ni binti mmoja niliyempenda sana.

Basi ukija kwenye hoteli yetu ya ziwani, nikakuuliza jina lako mara mbili huku foleni inanung'unika, usinikasirikie. Sema la kwako, saini la kwako. Na beji ya mwenzako iache mezani imngoje mwenyewe, hata akichelewa mpaka kesho.